Ngozi ya Simiyu na cherehani yenye haraka: historia fupi ya kutafuta mwendo wa polepole

Ngozi Simiyu ipo, hilo halina ubishi. Nenda mnada wowote wa ng'ombe, Bariadi, Maswa au Meatu, utaiona ikitembea kwa miguu minne. Tatizo la kijana anayetaka kuishi kwa kushona mikanda, pochi na makobazi linaanza mbele zaidi: pale anapokusanya hela, ananunua cherehani kubwa ya umeme iliyotumika, anagusa pedali, na mashine inaondoka kama imeshtuliwa. Kabla hajainua mguu, mshono umeshapinda na sindano imetoboa mahali ambapo haikutakiwa.

Kwenye kitambaa hiyo si kesi. Unafumua, unapiga pasi, unaanza upya. Kwenye ngozi hakuna kufumua. Kitambaa ni nyuzi zilizopishana, sindano ikitoka zinarudiana. Ngozi ni nyuzinyuzi za kolajeni zilizosokotana tangu ng'ombe akiwa hai, na sindano ya ngozi ina ncha inayokata kama kisu kidogo. Ikikata imekata. Kipande chote kinaweza kuwa cha kutupa kwa sababu ya matundu matatu tu, na kile kipande ndicho mtaji wenyewe.

Ndiyo maana mafundi wa ngozi wana swali moja linalojirudia: hii kasi naipunguzaje? Majibu yapo na tutayafikia. Ila ukitaka kuyaelewa, inabidi kwanza ujue nani aliiwekea mashine kasi hiyo.

Cherehani ya kwanza ilikuwa ya viatu

Mwaka 1790 Mwingereza Thomas Saint alipewa hataza ya mashine ya kushona. Watu wengi hudhani cherehani ilibuniwa kwa ajili ya nguo, lakini huyu bwana alikuwa anafikiria ngozi na turubai, viatu na mabuti. Mashine yake ilizungushwa kwa mkono, na ilifanya kazi kwa mtindo wa fundi viatu hasa: kwanza msharasi unatoboa tundu, halafu uzi unapitishwa. Hataza hiyo ililala kwenye makabrasha hadi miaka ya 1870, ndipo William Newton Wilson alipoikuta London na kuunda mashine kwa kufuata michoro. Haikushona mpaka alipoifanyia marekebisho. Kwa hiyo hatuna uhakika kama Saint mwenyewe aliwahi kushona nayo hata kiatu kimoja, lakini wazo lake lilianzia kwenye ngozi.

Baada ya hapo nguo ndiyo iliyochukua usukani. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alishona sare za jeshi kwa mashine miaka ya 1830, na mafundi cherehani wenzake wa Paris, wakiogopa kukosa ugali, wakazivunjavunja. Elias Howe akapata hataza Marekani mwaka 1846, Isaac Singer akafuata tarehe 12 Agosti 1851. Ngozi ilisubiri kidogo: mashine ya Lyman Blake ya kushonea soli kwenye kiatu ilipata hataza mwaka 1858. Kuanzia hapo njia zikaachana. Viwanda vya mashati vikawa vinauliza swali moja tu kila mwaka, tuongeze mishono mingapi kwa dakika?

Huku kwetu mashine ilikuja na mwendo wa mguu. Neno lenyewe cherehani ni ndugu wa cherehe, jiwe la kunolea linalozunguka, na yote mawili yanatokana na neno la Kiajemi la gurudumu, charkh. Na kweli, cherehani ya barazani ni magurudumu mawili na mkanda. Gurudumu kubwa la chini linasukumwa na miguu, dogo la juu linazungusha sindano. Tuseme la chini lina upana mara nne ya la juu, na miguu inalizungusha mara 75 kwa dakika. Sindano itashuka mara 300, yaani mishono mitano kwa sekunde. Ukitaka mshono mmoja, unakanyaga kidogo au unashika gurudumu kwa mkono. Mtawala wa kasi ni mwili wako.

Mafundi viatu nao walikuwa na yao, ile yenye mkono mrefu mwembamba unaoingia ndani ya kiatu. Maarufu zaidi ni Singer 29K. Hiyo herufi K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kule Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Mashine za mtindo huo, nyingi zikiwa nakala za Kichina, bado zinazungushwa kwa mkono na mafundi viatu katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Hakuna anayelalamika kwamba zinakimbia.

Kasi inatoka wapi?

Viwanda vya karne ya 19 havikuwa na mota kwa kila fundi. Injini moja ya mvuke ilizungusha shafti ndefu iliyopita chini ya meza, na kila mshonaji alikuwa na pedali ya kuunganisha mashine yake na shafti hiyo. Shafti haisimami. Wewe unaipanda na kuishuka, kama daladala ambayo haipaki.

Umeme ulipokuja, mfumo ulibaki ule ule, ila ukapunguzwa ukubwa. Mota ya klachi iliyofungwa chini ya cherehani ya kiwandani ni ile shafti ikiwa ya mtu mmoja. Ukiwasha swichi inazunguka muda wote kwa kasi yake kamili, na pedali inasogeza sahani ya msuguano ili mkanda upate mwendo.

Kwa nini isizunguke taratibu tangu mwanzo? Kwa sababu kasi ya mota hizi inaamriwa na gridi. Umeme wa Tanzania hubadili mwelekeo kwa hezi 50, na mota ya induksheni yenye ncha mbili za sumaku hufuata mzunguko huo: 3,000 kwa dakika kinadharia, kama 2,850 ikiwa kazini. Yenye ncha nne ni kama 1,425. Hakuna katikati.

Juu ya mota hiyo weka mashine iliyoundwa kwa mashati. Juki DDL-8700, ya ukoo ule ulioenea mpaka watu huita kila cherehani ya kiwandani "juki", kikomo chake ni mishono 5,500 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya 90 kwa sekunde. Hata ya kazi nzito kama Juki DNU-1541, ambayo hushona ngozi vizuri, inaruhusiwa hadi 2,500. Kwa mshono wa milimita 4, mkanda wa kiuno wa mita moja ungeisha kwa sekunde 6. Kona ya mwisho wa mkanda, yenye mishono kama 10, ingepita ndani ya robo sekunde. Jicho halijapeleka taarifa mguuni, kona imeshapita.

Polepole bila kupoteza nguvu

Wazo la kwanza la wengi ni rigileta ya feni. Rigileta inapunguza volti, na nguvu ya mota ya induksheni hushuka kwa mraba wa volti: nusu ya volti, robo ya nguvu. Feni haijali, maana inasukuma hewa. Sindano inayokutana na tabaka mbili za ngozi ya ng'ombe inakwama, mota inanguruma, inapata moto, na mwisho koili zinaungua.

Wazo la pili ni kuchezea klachi, kuikanyaga nusu ili iteleze. Mafundi wenye uzoefu wanaliweza hili kwa namna ya ajabu, ila lina gharama mbili. Kasi unayoiondoa inageuka joto kwenye sahani. Halafu klachi inayoteleza haiongezi nguvu. Na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, nadhani: mashine ya kasi hutoboa kwa mshindo. Nishati ya kitu kinachozunguka hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo ukiishusha hadi sehemu ya kumi, mshindo unabaki sehemu ya mia. Ukitaka polepole, lazima nguvu itoke kwingine.

Inatoka kwenye puli. Msukuma yeyote aliyeendesha baiskeli anajua nusu ya hesabu hii, kwa sababu giya kubwa mbele na dogo nyuma hukupa mwendo na kukunyima nguvu kwenye kilima. Geuza. Chukua mota ya 1,425, iwekee puli ya milimita 50, na gurudumu la cherehani liwe la milimita 75: unapata 950. Katikati ongeza shafti fupi juu ya beringi, yenye puli ya 150 inayopokea mwendo na ya 50 inayoupeleka mbele. Kasi inagawanywa kwa tatu, inakuwa kama 317, na nguvu ya kuzungusha inazidishwa karibu mara tatu. Linganisha na ile 300 ya miguu barazani. Umeme wote huo, mikanda miwili, beringi, na tumerudi kwenye mwendo wa bibi.

Tanzania iliwahi kwenda njia nyingine kabisa. Kiwanda cha Viatu Morogoro kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia kikiwa na uwezo wa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi za kuuza Ulaya. Kuta zilikuwa za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, Morogoro! Hakikuwahi kuvuka asilimia chache za uwezo wake, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Sababu zilikuwa nyingi, kasi ya mashine haikuwa tatizo lao. Ila mtu wa Bariadi anayeshona pochi tano kwa siku anarithi vifaa vilivyobuniwa kwa ndoto za ukubwa ule.

Kwa sasa mota ya sevo imebadilisha hesabu. Haina ncha zinazofuata gridi. Elektroniki ndani yake inaipangia kasi, unaweka kikomo kwa kitufe, na usipokanyaga haizunguki wala hailambi umeme wa maana. Kwa karakana inayolipa luku kwa elfu mbili mbili, hilo si dogo. Hata hivyo sevo za bei nafuu huwa dhaifu zikienda taratibu sana, na ngozi nene huzigundua haraka. Kwa hiyo ile shafti ya puli mbili haijastaafu: sevo chini ya meza, puli katikati, cherehani juu. Na umeme ukikatika, mkanda unavuliwa, fundi anashika gurudumu kwa mkono na kumalizia kona tundu kwa tundu.