Forodha Iliyokodishwa

Mwaka 1828 mfanyabiashara wa Kimarekani aitwaye Edmund Roberts alikuwa Unguja, naye hakuridhika. Alilazimika kufanya biashara kupitia mawakala wa serikali, na aliona Waingereza wanatendewa vizuri kuliko yeye. Alipoonana na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, alimweleza kwamba dawa yake ni mkataba. Ilimchukua miaka kadhaa kuishawishi serikali ya nchi yake, lakini tarehe 21 Septemba 1833 mkataba huo ulitiwa saini Maskati.

Masharti yake yalikuwa machache na yaliyo wazi. Meli ya Marekani ingelipa ushuru wa asilimia 5 juu ya shehena iliyoshushwa, basi. Ada ya nanga, ada ya rubani, leseni na ushuru wa bidhaa zinazotoka, vyote vilihesabiwa kuwa vimo ndani ya hiyo tano. Mzigo uliobaki melini bila kuuzwa haukutozwa kitu. Bunduki na baruti pekee ndizo zilizowekewa mpaka: katika kisiwa cha Unguja mnunuzi wake alikuwa serikali na si mwingine. Uingereza ilipata mkataba wake mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844.

Kwa nini mtawala alijifunga mikono namna hiyo? Wako wanaosema alishindwa nguvu na mataifa makubwa. Hoja hiyo ina uzito kwa miaka ya baadaye, lakini haitoshi kwa mwaka 1833, kwa maana Wamarekani hawakuja na manowari za kutisha ufalme wake. Yaelekea zaidi kwamba alifanya hesabu. Mashamba ya karafuu yalikuwa yakipanuka, pembe za ndovu na sandarusi zilitoka bara, na mnunuzi wa mbali mwenye fedha alikuwa na faida kuliko ushuru mkubwa unaomfukuza. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho watu wa pwani na bara walikiita merikani. Jina lilidumu hata pale kitambaa chenyewe kilipoanza kufumwa kwingine.

Hapo ndipo swali la pili linapoingia, nalo kwangu ni zito kuliko kiwango cha ushuru: nani aliyeushika? Seyyid hakuwa na idara ya forodha yenye makarani wake. Alichokifanya ni kuikodisha. Mfanyabiashara aliahidi kumlipa kiasi maalumu cha reale kila mwaka, kisha akakusanya ushuru kwa gharama yake, na kilichozidi kikawa chake. Kuanzia miaka ya 1830 kodi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia mwenye asili ya Kachchh.

Mpango huu ulimpa mtawala fedha za uhakika, hata msimu ambao pepo za kaskazi zilileta majahazi machache. Lakini ulimnyima habari. Shehena iliteremshwa ufukweni, hamali wakaibeba hadi bandani, ikapimwa kwa frasila au kuhesabiwa kwa majora, thamani ikakadiriwa, na yote yakaandikwa katika daftari la mkodishwaji. Aliyekuwa na daftari ndiye aliyejua forodha ina thamani gani hasa, na hakuwa na sababu ya kumwonyesha mwenye nyumba mwaka wa kupandishiwa kodi. Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Richard Waters, konseli wa kwanza wa Marekani, aliyefika mwaka 1837, alifanya biashara yake kwa ushirikiano wa karibu na Jairam, na Waingereza wakalalamika kwamba hawana nafasi sokoni. Asilimia 5 ilikuwa moja kwa wote katika karatasi. Katika banda la forodha mambo yalikuwa na ndugu na jamaa.

Seyyid Said alifariki mwaka 1856, na mwaka 1861 ufalme ukagawanywa, Zanzibar ikitakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Mwanawe Majid alikopa kutoka kwa yule yule aliyemkodisha forodha, na deni likafika laki kadhaa. Mwenye mali sasa alidaiwa na mpangaji wake. Barghash, aliyetawala kuanzia 1870, alilikuta deni hilo, na mwaka 1876 kodi ikahamia kwa Tharia Topan.

Basi Ulaya ilipotaka pwani, njia ilikuwa imeshachongwa: forodha ni kitu cha kukodishwa. Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha forodha ya Mrima kwa kampuni ya Wajerumani kwa miaka 50, na mwezi Agosti maofisa wao wakafika bandarini na bendera ya kampuni. Pangani vurugu zilianza mara moja, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa mapigano. Wajerumani waliyaita uasi wa Waarabu waliotetea biashara ya watumwa. Sababu hiyo haiwezi kufutwa kabisa, maana wapo waliopoteza faida hiyo. Lakini haielezi kwa nini watu wengi wasio Waarabu walishika silaha, wala kwa nini ugomvi ulianzia kwenye bendera, sheria mpya na ushuru. Mkodishwaji wa zamani alikusanya fedha tu. Huyu alikuja na askari na kudai utawala.

Mwaka 1890 Ujerumani iliinunua pwani hiyo moja kwa moja kwa marki milioni 4. Mwaka uliofuata Waingereza waliuweka mfuko wa serikali ya Zanzibar chini ya maofisa wao, na daftari la forodha likaandikwa kwa Kiingereza.