Kijani cha T-34

Septemba 14, 2000, tingatinga kubwa lilisimama kando ya ziwa dogo la Kurtna Matasjärv, kaskazini-mashariki mwa Estonia, likaanza kuvuta nyaya za chuma zilizozama majini. Kilichotoka, kikichuruzika tope, kilikuwa kifaru aina ya T-34 kilicholala humo miaka 56. Kiliundwa na Wasovieti, ila mwilini kilibeba misalaba ya jeshi la Ujerumani. Wajerumani walikiteka, wakakipaka alama zao, wakapigana nacho, kisha kikaishia ziwani walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1944.

Kifaru kimoja, majeshi mawili, rangi juu ya rangi. Anayetaka kukiunda upya kwa plastiki mezani kwake atafungua kopo lipi?

Waundaji wengi wa vifaru vidogo hutumia kipimo cha 1:35. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilikifikia miaka ya 1960 kwa sababu ya kawaida kabisa: modeli yake ya kwanza ya kifaru cha Panther ilihitaji tumbo la kutosha mota na betri. Kwa kipimo hicho mwili wa T-34, wenye karibu mita 6, hubaki sentimita 17 tu. Kuunganisha vipande ni kazi ya jioni chache. Rangi ndiyo inayowafanya watu wakeshe.

Kwenye karatasi jibu ni fupi. Jeshi Jekundu lilikuwa na kijani chake rasmi, kilichoitwa 4BO, rangi ya mafuta iliyotengenezwa kwa udongo wa manjano, manjano ya zinki na buluu. Ilifika kiwandani ikiwa nzito kama uji, na mafundi wakaizimua kabla ya kupaka. Hapo ndipo usawa ulipoanza kupotea. Fundi mmoja akizidisha mafuta na mwingine akibana, vifaru viwili vya zamu moja havitoki sawa. Rangi ya mafuta nayo haitulii: jua huipausha, moshi na grisi huitia weusi.

Kisha vita vikahamisha viwanda vyenyewe. Mwaka 1941 kiwanda cha Kharkiv, kilikozaliwa T-34, kilipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Nizhny Tagil, huko Ural, zaidi ya kilomita 1,500. Vifaru vya aina hiyo vilitoka pia Stalingrad, Gorky, Chelyabinsk, Omsk na Sverdlovsk, na hadi mwaka 1945 idadi yao ilipita 50,000. Kutarajia kijani kimoja kutoka sehemu zote hizo, katika miaka ya uhaba wa kila kitu, ni kuvisahau vita vyenyewe. Mwundaji makini huuliza kwanza: kifaru changu kilitoka kiwanda gani, mwaka gani, na ilikuwa majira gani?

Majira yana uzito wake. Baadhi ya vifaru viliongezewa mabaka ya kahawia, rangi ya 6K, na ya mchanga, 7K. Theluji ilipoanguka, askari walivipaka nyeupe inayoweza kuoshwa, mara nyingi kwa brashi na kwa haraka. Nyeupe hiyo haikudumu. Miguu ya wanajeshi waliopanda juu ya kifaru iliifuta, matawi yaliikwaruza, na maji ya masika yaliimaliza kwa michirizi. Mezani, mwundaji hupaka kijani kwanza, hufunika kwa nyeupe, kisha huchukua brashi ngumu yenye unyevu na kusugua taratibu penye vifuniko, mpaka kijani kichungulie mahali ambapo buti zingekanyaga.

Picha za wakati ule husaidia, lakini nyingi ni nyeusi na nyeupe, na filamu za zamani zisizoona wekundu huugeuza karibu kuwa weusi. Ndiyo maana maandishi yaliyopakwa kwenye vifaru huleta ubishi mkali kuliko hata kijani. Mariya Oktyabrskaya, aliyefiwa na mumewe vitani, aliuza mali yake ili T-34 inunuliwe, akaomba iitwe „Boyevaya Podruga", yaani Mwenzi wa Vita, na akaiendesha mwenyewe hadi alipojeruhiwa; majeraha hayo yalimuua Machi 1944. Jina hilo liliandikwa kwenye mnara wa mzinga. Anayelinakili kwa brashi ya nywele chache ana wajibu wa kuitazama picha kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Vifaru vilivyosimamishwa juu ya nguzo za kumbukumbu si mwongozo mzuri: vimepakwa upya mara nyingi, na mng'ao wake ni wa amani. Wala si kila kifaru cha Wasovieti kilikuwa na 4BO. Vifaru vya Sherman vilivyotoka Marekani vilifika na rangi yao ya zeituni, na vingi vilibaki nayo.

Baada ya utafiti wote huo linabaki jambo la macho. Rangi sahihi kabisa, ikipakwa kwenye kitu cha sentimita 17, huonekana nyeusi mno, kwa kuwa kifaru halisi hutazamwa kwa mbali, hewa na vumbi vikiwa katikati. Kwa hiyo mwundaji hudondosha manjano kidogo ndani ya kijani, hukoroga, hupaka kwenye kipande cha plastiki kilichobaki, hukipeleka dirishani, kisha hurudi kuongeza tone lingine.