Raha ya Nchi Ngeni: Masafa na Msomaji katika Nathari ya Kiswahili, 1867–1951

Wanahistoria wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuvipita haraka vitabu vya masimulizi ya nchi za mbali vilivyotafsiriwa wakati wa ukoloni. Huvitaja katika aya moja, hutoa miaka ya kuchapishwa kwake, kisha huvihukumu kuwa vilikuwa vyombo vya shule za kikoloni vilivyomfunza msomaji kuyatazama ya kwao kwa macho ya wengine. Hukumu hiyo si ya uongo. Walioviteua vitabu hivyo hawakuwa Waswahili, na waliviteua kwa makusudi yao. Hata hivyo, inaeleza nia ya mchapishaji tu na kuiacha kando raha ya msomaji. Raha ni jambo gumu kwa mwanahistoria, kwani haiwekwi katika majalada ya serikali. Lakini huacha alama katika lugha, na katika vitabu vinavyoandikwa baadaye, na alama hizo zinaweza kufuatwa.

Alama mojawapo ya mapema iko Unguja. Mwaka 1867 Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapa Hadithi za Kiingereza, kitabu kidogo cha visa vya Shakespeare kama vilivyosimuliwa upya na Charles na Mary Lamb. Miongoni mwavyo kimo kisa cha mfanyabiashara wa Venice. Ni rahisi kudhani kwamba Venice ilikuwa mbali mno na msomaji wa Unguja. Sivyo. Mji wa bandari, wafanyabiashara wa dini na mataifa mbalimbali, deni lenye masharti, vyombo vinavyosubiriwa na visivyofika: hayo yalikuwa mambo ya kila msimu wa kaskazi. Kilichokuwa kigeni ni ratili ya nyama ya mwili wa mtu kuandikwa katika mkataba. Kisa hunoga kwa sababu kioja hicho kimetokea katika mji unaofanana na kwao. Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia yenyewe kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, masafa yalikuwa yamebadilika bila mji kuhama. Neno bepari, lililoingia kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara, sasa, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa limebeba lawama. Venice ilisogezwa karibu zaidi, pengine karibu kupita kiasi.

Si kila nchi ngeni ilifika katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri. Katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliochapishwa Göttingen mwaka 1901, imo habari ya Salim bin Abakari, mwenye asili ya Ngazija, aliyefuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Hapa msafiri na lugha ni wa pwani moja, na mwenye kustaajabiwa mara nyingi ni msafiri mwenyewe, kwani alikopita wako watu ambao hawakuwa wamewahi kumwona mtu mweusi. Salim anatazama na kutazamwa, wala haoni haja ya kuficha lolote kati ya hayo mawili. Kwa bahati mbaya kitabu hicho kiliwafaa zaidi Wajerumani waliokuwa wakijifunza Kiswahili kuliko watu wa pwani. Kwa wasomaji hao wa Berlin, nchi ngeni ilikuwa Kiswahili chenyewe.

Wasomaji wa Afrika Mashariki walipata wingi wa nchi ngeni kuanzia mwaka 1929. Mwaka huo vilitoka Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vyote kwa mkono wa Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili; baadaye kidogo vikafuata visa vya Gulliver. Mashimo ndicho kinachodai kuangaliwa kwa utulivu, kwa kuwa ndicho kilichoshutumiwa zaidi, na kwa haki. Rider Haggard alimwandikia msomaji wa Uingereza, na nchi ngeni aliyompa ni Afrika. Tafsiri inapompa kitabu hicho msomaji wa Tanga au Mombasa, inamwalika kwenda ugenini katika bara lake mwenyewe.

Sarufi inaongeza utata. Masimulizi yako katika nafsi ya kwanza, na mara nyingi katika wingi. Kiambishi tu- cha Kiswahili hakibainishi kama anayesikiliza amejumuishwa au ameachwa nje. Zipo lugha zenye viambishi viwili kwa kazi hiyo, Kiswahili kina kimoja. Hivyo msomaji huvuka jangwa pamoja na Quatermain na wenzake, huona kiu pamoja nao, na hufika pamoja nao katika nchi ya Wakukuana. Hapo ndipo tu- inapoanza kumbana, maana wenyeji wanaokutwa wanafanana naye kuliko wanaowakuta. Wahakiki wengi wamekoma katika hatua hiyo na kuiita utumwa wa fikra. Wamemsahau Umbopa. Aliingia safarini kama mtumishi, kumbe ni Ignosi, mrithi halali wa kiti cha ufalme. Katika kundi lile ndiye pekee asiyekwenda ugenini: anarudi kwao. Haggard alimhitaji ili hadithi yake ipate vita na mfalme mpya, basi. Lakini msomaji wa Kiswahili alipata kwake mahali pa kusimama ambapo mwandishi hakukusudia kumpa. Ni usomaji unaowezekana kabisa kutokana na matini, na historia ya fasihi haina sababu ya kudhani kwamba vijana wa miaka ya 1930 hawakuuona.

Kinyume cha hayo ni Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya kitabu cha Lewis Carroll iliyotoka mwaka 1940, ambamo michoro inamwonyesha Elisi kama msichana wa Kiafrika. Nia ilikuwa njema: kumwondolea mtoto ugeni. Lakini ajabu za Carroll ni mambo ya nyumbani kwa Waingereza yaliyopinduliwa, na kwa kumvika shujaa sura ya hapa, tafsiri ilimnyima msomaji safari ya kwanza, ile ya kwenda Uingereza, kabla ya kumtaka afunge safari ya pili.

Kusadikika ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1951. Wahakiki huieleza nchi hiyo inayoelea angani kuwa pazia: mtumishi wa serikali ya kikoloni hangeweza kuikosoa kwa jina. Ni kweli, ila ni nusu ya maelezo. Pazia halimfanyi mtu asome hadi ukurasa wa mwisho. Kufikia wakati huo palikuwa na wasomaji waliokwisha kuzoea Gulliver na Alfu Lela Ulela, waliojua jinsi ya kuingia katika nchi isiyo na ramani na kupima ya kwao kwa vipimo vyake. Shaaban aliwaandikia hao, na kiini cha riwaya yake ni habari za safari. Wajumbe wanatumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwamo, wanarudi na habari za mambo mema waliyoyaona huko, na kila mmoja analipwa kifungo. Karama, naye akiwa mshtakiwa, anajitetea kwa kuzisimulia safari hizo moja baada ya nyingine. Baraza zima linakaa kusikiliza habari za nchi ambazo lilikwisha kuwafunga watu kwa kuzileta, na Waziri Majivuno, mwenye mashtaka, yumo miongoni mwa wasikilizaji.