Maabara ya New York na Mafua ya 1918

Daktari wa New York aliyeshuku dondakoo miaka ya 1890 hakubaki akibahatisha. Alipita duka la dawa la mtaani, akachukua kisanduku chenye kijiti cha pamba na chupa ya kuoteshea vijidudu, akampangusa mgonjwa koo, kisha akakirudisha dukani. Kesho yake jibu lilikuwa tayari. Mpango huo wa idara ya afya ya jiji ulianzishwa 1893 na William Park, na mwaka uliofuata msaidizi wake, Anna Wessels Williams, alitenga aina ya kijidudu cha dondakoo iliyokuja kutumika kutengenezea dawa ya ugonjwa huo.

Jiji lililozoea majibu ya namna hiyo ndilo lililovamiwa na mafua mwaka 1918.

Mwezi Agosti meli ya Norway, Bergensfjord, ilitia nanga ikiwa na wagonjwa, wakapelekwa hospitali huko Brooklyn. Katikati ya Septemba kamishna wa afya, Royal Copeland, aliwaagiza madaktari waripoti kila mgonjwa wa mafua na wa nimonia. Lakini waripoti kwa kipimo gani? Wodini walikuwa na macho na masikio yao tu: homa, mwili kuuma, kikohozi, na kwa waliozidiwa, midomo na uso kugeuka bluu. Madaktari wengi walikuwa vitani Ulaya, na waliobaki hawakuwa na muda wa kujaza fomu. Vyeti vya vifo vilisema zaidi: watu zaidi ya 20,000 walikufa jijini msimu ule wa vuli.

Maabarani, Park na Williams walimsaka mtuhumiwa wa siku nyingi. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer wa Berlin alikuwa ametangaza kwamba mafua huletwa na bakteria mdogo sana, anayekataa kuota bila damu. Kwenye sahani zenye damu aliota kama vitone vidogo, vinavyopitisha mwanga kama umande, na asiyekuwa na mkono mzoefu alivikosa kabisa. Williams alivipata kwa wagonjwa wengi, na maabara ikatengeneza hata chanjo.

Wangeweza kuishia hapo. Badala yake walipima kama bakteria wa mgonjwa mmoja ni yule yule wa mwenzake: walimdunga mnyama bakteria wa aina moja, wakachukua majimaji ya damu yake, wakatazama ni bakteria gani watagandamana ndani yake. Wale wa sampuli moja waligandamana. Wa nyingine wakaelea tu. Aina zilikuwa nyingi mno. Ugonjwa ulioenea dunia nzima kwa miezi michache haungeweza kuletwa na bakteria wa aina tofauti, kila mtu na wake, na Park na Williams wakalikubali hilo waziwazi, ingawa lilibomoa kazi yao wenyewe. Ujasiri huo unastahili heshima kuliko ugunduzi mwingi.

Chanzo halisi cha mafua, virusi, kilipatikana London mwaka 1933. Kipimo rahisi kilitoka New York tena: mwaka 1941 George Hirst aliona chembe nyekundu za damu ya kuku zikigandamana palipo na virusi vya mafua, na kingamwili zikizuia kugandamana huko. Sasa hospitali ziliweza kupeleka damu ya mgonjwa mara mbili, siku za mwanzo na baada ya wiki mbili hivi, kuona kama kingamwili zimepanda. Jibu lilipofika, kwa kawaida mgonjwa alikuwa ameshapona au ameshazikwa.