Hotuba ya Pico na Ubishi Juu ya Renesansi

Desemba 1486, kijana wa miaka 23, Giovanni Pico della Mirandola, alichapisha mjini Roma hoja 900, akawaalika wanazuoni waje kubishana naye na kuahidi kuwagharimia safari watakaotoka mbali. Mjadala haukufanyika. Papa Innocent VIII aliuzuia, hoja 13 zikalaumiwa, na hotuba ya ufunguzi ikabaki karatasini hadi ilipochapishwa mwaka 1496, Pico akiwa ameshafariki.

Karibu karne nne baadaye hotuba hiyo ilipata mtetezi mkubwa. Mwaka 1860 Jacob Burckhardt, mwanahistoria wa Basel, Uswisi, alitoa kitabu juu ya ustaarabu wa Italia wakati wa Renesansi, mwamko wa elimu na sanaa uliofuata Zama za Kati. Alidai kwamba mtu wa Zama za Kati alijijua tu kupitia ukoo, taifa au chama chake, na kwamba ni Italia alikoanza kujitambua kama nafsi huru. Maneno ya Pico kwamba binadamu hakupangiwa daraja, bali hujichagulia kupanda au kushuka, yaliafikiana mno na dai hilo. Hadi leo wengi wetu tunaitazama Renesansi kwa macho ya Burckhardt.

Lakini zisome hoja zenyewe. Karibu nusu Pico alizichota kwa wengine: Albertus Magnus na Thomas Aquinas, wanateolojia wa Zama za Kati; Ibn Rushd, Ibn Sina na al-Farabi, wanafalsafa wa Kiislamu; Wagiriki wa kale; na Kabbalah, elimu ya siri ya Wayahudi. Aliyemwongoza katika Ibn Rushd alikuwa Elia del Medigo, Myahudi wa Krete. Mtu wa namna hii hakuzipa Zama za Kati kisogo. Katika chuo kikuu cha Padova, Italia, nako, katika karne ya 16, Aristotle aliendelea kufundishwa pamoja na ufafanuzi wa Ibn Rushd.

Aliyelisogeza mbele suala hili la uhusiano wa Renesansi na Zama za Kati ni mwanahistoria wa falsafa Paul Oskar Kristeller, Myahudi aliyezaliwa Berlin mwaka 1905. Wanazi walipotwaa madaraka alihamia Italia. Sheria za ubaguzi za 1938 zikamnyima kazi huko Pisa, na mwaka uliofuata akafika Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Kwa miongo kadhaa aliorodhesha miswada iliyosahaulika maktabani. Alichokiona ni kwamba wahumanisti, wanazuoni wa Renesansi waliofufua maandishi ya kale, hawakuwa na falsafa moja: walikuwa walimu na waandishi wa sarufi, balagha, ushairi, historia na maadili. Mantiki na elimu ya maumbile zilibaki mikononi mwa wafuasi wa Aristotle vyuoni.

Namwamini Kristeller kuliko Burckhardt, kwa sababu alianza na miswada. Hata hivyo ukuta aliouweka kati ya balagha na falsafa ni mnene kupita kiasi. Mwaka 1440 mhumanisti Lorenzo Valla alipima Kilatini cha hati iliyodai kwamba Mfalme Konstantino alimkabidhi Papa utawala wa Magharibi, akaonyesha kuwa ni ya kughushi. Kuhoji ushahidi namna hiyo ni falsafa, hata kama mhojaji ni mwalimu wa lugha.

Wengine wameisogeza mipaka ya Renesansi yenyewe. Mwanahistoria Charles Homer Haskins, mwaka 1927, alionyesha mwamko wa elimu katika karne ya 12. Mwaka 1977 mwanahistoria Joan Kelly aliuliza kama wanawake walipata Renesansi yoyote, akajibu hapana. Jibu lake lina uzito, ila lisitufiche mwanamke msomi Isotta Nogarola wa Verona, ambaye mwaka 1451 alijadiliana kwa maandishi na Ludovico Foscarini juu ya nani alikosa zaidi, Adamu au Hawa, akimtetea Hawa hoja kwa hoja.