Baba wa Familia Vitani: Filamu ya Catch a Fire na Kambi ya Kongwa

Wengi wetu katika fani hii ya uhakiki tumezoea kuzidharau filamu za mapigano. Eti ni burudani tupu: milipuko, mbio za magari, na bwana mmoja asiyepatwa na risasi. Katika makala haya nataka kuonyesha kuwa filamu ya namna hiyo yaweza kutufundisha historia, kwa yale inayoyasema na kwa yale inayoyaruka. Nitaipima kwa historia ya Kongwa, wilaya niliyozaliwa.

Filamu yenyewe ni Catch a Fire (2006), iliyoongozwa na Phillip Noyce na kuandikwa na Shawn Slovo. Shawn ni binti wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Joe Slovo na Ruth First. Mama yake aliuawa kwa bomu lililotumwa kwa posta mjini Maputo mwaka 1982. Basi mwandishi huyu hakuhitaji kuhadithiwa maana ya familia kuwa hatarini.

Kisa kinatokana na maisha ya Patrick Chamusso, msimamizi wa wafanyakazi katika mtambo wa mafuta wa Secunda. Katika filamu ana mke na watoto, anafundisha vijana mpira, na siasa hataki hata kuisikia. Mwaka 1980 mtambo unashambuliwa, naye anakamatwa. Kumbe usiku ule alikuwa kwa mwanamke mwingine aliyezaa naye, jambo asiloweza kulitamka. Polisi wanamtesa, na mkewe Precious naye anapigwa. Akiona hali ya mkewe, Patrick anakiri kosa ambalo hakulitenda. Akishaachiwa, anavuka mpaka kwenda Msumbiji na kujiunga na Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC. Mwaka 1981 anarudi kuushambulia mtambo uleule. Chamusso alihukumiwa kifungo cha miaka 24, akatoka mwaka 1991.

Kifani, tuangalie taharuki inajengwaje. Haijengwi na bomu peke yake, bali na siri ya nyumbani. Mlinganisheni Patrick na Willy Gamba wa Musiba katika Kufa na Kupona (1974). Willy ni kachero. Hatari ndiyo kazi yake, na hana mke wala mtoto wa kumvuta shati. Patrick hatari inamfuata mpaka chumbani. Ndiyo maana yeye ni mhusika duara: tunamwona akibadilika, na tunaijua sababu.

Sasa twende Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi mkubwa wa karanga. Kufikia 1951 ulikuwa umekufa. Mwaka 1964 eneo hilo likapata wageni wengine: wapiganaji wa ANC, FRELIMO, SWAPO na vyama vingine, waliopewa kambi na serikali ya Tanzania. Wale wa ANC walikuwa mbali mno na kwao. Baadhi yao, akiwemo Chris Hani, walipata kuvuka Zambezi mwaka 1967 pamoja na wenzao wa ZAPU katika mapambano ya Wankie. Wengi walibaki wakingoja.

Na mtu anayengoja anaishi. Wapo waliopendana na wanawake wa pale, wakaoa au wakazaa. Mwaka 1969 wapiganaji wa ANC walihamishiwa Muungano wa Kisovyeti. Arianna Lissoni na Maria Suriano, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014, wameeleza habari za wanawake wa Tanzania waliofungamana na wanaume wa ANC. Baadhi yao waliachwa na watoto mikononi.

Hapa ndipo ninapoikosoa filamu. Uhamishoni panapita haraka: mafunzo kidogo, nyimbo, kisha shujaa yuko safarini kurudi. Saa ya filamu ya kusisimua hukimbia. Kongwa saa ilisimama, na huko kusimama ndiko kulikowaumiza watu. Isitoshe, siri ya Patrick, yule mwanamke wa pili na mtoto wake, filamu inaitumia kama kamba ya kumfunga shujaa, kisha inaitupa. Kumbe kwa Kongwa hicho ndicho kisa chenyewe.

Wapo watakaonipinga: Chamusso hakupitia Kongwa, mbona unamdai yasiyomhusu? Ni kweli, hakupitia. Lakini swali langu ni juu ya fani. Ikiwa kanuni ya filamu hizi ni mtu wa kawaida aliyeingizwa katika hatari asiyoichagua, basi mama aliyebaki Kongwa na mtoto mgongoni anaitimiza kanuni hiyo kuliko mwanajeshi yeyote. Yeye hakuapa kiapo cha chama chochote, wala hakufunzwa bunduki. Hatari yake haikuwa bomu, ilikuwa mtoto kukua akiuliza, "Baba yuko wapi?" na jibu likose.

Wenzetu wa sanaa za maonyesho, huo ni mchezo unaongoja kuandikwa. Taharuki yake ni moja tu: barua itafika, au haitafika?