Walimu Waliosomea Kazini

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ilikutana Musoma na kukata shauri zito. Elimu ya msingi kwa kila mtoto, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, sasa ilitakiwa iwe imekamilika Novemba 1977. Wakati huo shule za msingi zilikuwa na wanafunzi wapatao milioni 1.2. Ilipofika 1980 walikuwa wamepita milioni 3.

Madarasa wananchi waliyajenga wenyewe kwa nguvu zao. Lakini mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Vyuo vya Butimba, Marangu, Mpwapwa, Korogwe na vinginevyo vilitoa walimu elfu chache tu kwa mwaka, na waliohitajika upesi walikuwa kama 40,000.

Mwaka 1976 ukaanza mpango ambao haukuwahi kujaribiwa nchini kwa ukubwa ule. Vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa huko huko vijijini, wakapewa darasa la kufundisha huku wakijifunza ualimu. Mafunzo yalichukua miaka 3. Sehemu ya siku walikuwa mbele ya watoto. Muda uliobaki walisoma vijitabu vya masomo kwa njia ya posta, wakasikiliza vipindi vya redio, wakakutana kwa vikundi kuuliza yaliyowashinda. Mwalimu mkuu aliwaangalia shuleni. Mratibu elimu kata aliwafundisha ana kwa ana, akasahihisha kazi zao, akaketi nyuma ya darasa kuwatazama wakifundisha. Mwishoni waliingia chuoni kwa wiki chache, wakafanya mtihani. Hadi katikati ya miaka ya 1980, walimu zaidi ya 35,000 walikuwa wamehitimu kwa njia hiyo.

Mitaani waliitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na jina hilo likageuka tusi. Mtoto akishindwa kusoma, lawama iliwaangukia wao. Mimi naona hawakutendewa haki. Watafiti waliowalinganisha na wenzao wa vyuoni miaka ya 1980 hawakukuta pengo kubwa kama watu walivyodhani. Udhaifu ulioonekana wazi ulikuwa katika sayansi, na si ajabu: kijana wa darasa la saba asiye na maabara wala mtu wa kumwonyesha jaribio angeijulia wapi?

Kilichowaangusha zaidi ni mambo yaliyowazunguka. Vita ya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliikamua nchi. Vijitabu vilichelewa, betri za redio ziliadimika, waratibu walikosa usafiri. Tena mratibu huyo huyo alibebeshwa elimu ya watu wazima na takwimu za kata nzima. Na kijana alipokwisha kupata cheti, ule utaratibu wa kumtembelea na kumsahihisha ukakatika, naye akabaki peke yake na watoto 70 au zaidi. Hapo ndipo tulipokosea. Kijana mwenye elimu ndogo akipewa msaada wa karibu kwa miaka 3 anaweza kufundisha. Akiachwa miaka 20 bila msaada, hata mhitimu wa chuo hushuka.

Somo hilo halikushika. Ada ya shule za msingi ilipofutwa kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto walifurika tena na mafunzo ya walimu yakafupishwa. Shule za sekondari za kata zilipoenea, wahitimu wa kidato cha sita walipelekwa kufundisha baada ya mafunzo ya wiki chache, nao wakabandikwa jina la kejeli la "vodafasta". Safari hii haraka ya Musoma ilirudi bila yule mtu wa kuketi nyuma ya darasa.

Sasa kuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo hukutanisha walimu katika shule zao na katika vituo vya walimu vilivyo karibu, wakae pamoja wachambue mada ngumu na kuandaa masomo. Waratibu elimu kata nao walianza kugawiwa pikipiki mwaka 2018. Nayaunga mkono yote mawili. Ila mratibu yule bado ana mikutano, ripoti na takwimu zinazomsubiri ofisini, na mwalimu mpya wa hisabati katika shule ya mbali anamhitaji mwaka wake wa kwanza, darasani, zaidi ya mara moja. Ratiba ya mratibu ipangwe kuanzia hapo, na mafuta ya pikipiki yawekwe katika bajeti ya halmashauri kabla ya posho za semina.